Misalaba Mitano ya Chesty Puller: Ankara Ilimfikia Nani?

Tarehe 16 Juni 1919 Lewis Burwell Puller alipewa cheo cha luteni usu wa akiba katika Marine, jeshi la Marekani linalopigana nchi kavu baada ya kushushwa kutoka baharini. Siku kumi baadaye, siku aliyotimiza miaka 21, cheo kikawekwa kando. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha, Washington haikutaka tena kulisha maafisa wengi, na jeshi lililokuwa na watu wapatao 75,000 likaamriwa libaki na maafisa 1,100 na askari 27,400. Luteni asiye na kazi akarudi kwenye meza ya kuandikisha askari, akaanza upya akiwa koplo.

Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Chesty na kustaafu Novemba 1955 akiwa luteni jenerali, miaka 37 tangu ajiandikishe mara ya kwanza. Kifuani alikuwa na Misalaba mitano ya Jeshi la Majini, nishani ambayo kwa askari wa Marine inapitwa na moja tu, Nishani ya Heshima. Tangu ianzishwe imetolewa zaidi ya mara 6,000, na waliowahi kuipata mara tano ni wawili peke yao. Wa pili, Roy Davenport, alikuwa kamanda wa nyambizi. Puller aliongeza juu yake msalaba wa daraja hilohilo kutoka jeshi la nchi kavu. Ukihesabu hivyo, anayo sita.

Kila kuruta wa Marine hufundishwa namba hiyo, tano. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba misalaba hiyo haina kipimo kimoja. Mmoja ulipatikana na doria ya watu 40, mwingine na kikosi kilicholinda uwanja mzima wa ndege, mwingine katika kurudi nyuma kwa maelfu ya watu kwenye theluji. Na hasara kubwa kuliko zote chini ya amri yake haikuzaa msalaba hata mmoja.

Tuanze na mshahara, kwa sababu ndio rahisi. Puller alirudishiwa uluteni Machi 1924, akakaa luteni miaka 12 hadi alipopata ukapteni Februari 1936. Kutoka kapteni hadi kanali, ngazi tatu nzima, akapanda kwa miaka isiyofika minane, na Novemba 1943 alikuwa kanali. Hakuwa amegeuka mtu mwingine katikati ya safari. Jeshi ndilo lililofura: mwaka 1939 Marine walikuwa takriban 19,000, na kufikia 1945 walikaribia 475,000, yaani mara 25. Katika jeshi lisilokua, afisa husubiri mkubwa wake astaafu au afe. Katika jeshi linalofura, vyeo humfuata mtu alipo.

Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Kwa sheria ya mishahara ya 1942, askari wa cheo cha chini kabisa alilipwa dola 50 kwa mwezi. Luteni usu alipata dola 1,800 kwa mwaka, na kanali dola 4,000, bila kuhesabu posho. Kwa hiyo kanali aliyekuwa na roho 3,000 mikononi mwake alipokea chini ya mara saba ya mshahara wa kijana aliyebeba bunduki mbele yake. Meneja wa kiwanda chenye watu 3,000 angecheka. Bima ya maisha ya askari, bila kujali cheo chake, haikuzidi dola 10,000.

Mafunzo ya kweli ya Puller yalifanyika Haiti, ambayo Marekani iliikalia kuanzia 1915 hadi 1934. Koplo wa Marine aliweza kuvaa cheo cha luteni katika polisi wa kijeshi wa Haiti, akawaongoza askari Wahaiti, na akapokea mishahara miwili: mmoja kutoka Washington, mwingine kutoka hazina ya Haiti. Nchi iliyokaliwa iliwalipa waliokuja kuikalia. Huko, kwa miaka kama mitano, alishiriki mapambano zaidi ya 40, akajifunza kutembea msituni na mzigo mwepesi, kushambulia alipotegewa badala ya kulala chini, na kula baada ya askari wake kula.

Mfumo huohuo ukahamia Nikaragua, ambako Marine walianzisha Walinzi wa Taifa wapigane na wapiganaji wa kiongozi wa waasi, Augusto Sandino. Msalaba wa kwanza wa Puller ni wa mapambano matano ya mwaka 1930. Wa pili ni wa Septemba 1932, na hapo namba ni ndogo kiasi kwamba unaweza kumwona kila mtu. Watu 40 walitoka Jinotega kwa miguu kwenda kaskazini, umbali wa zaidi ya kilomita 120, kwa siku kumi. Tarehe 26 wakaingia katika mtego wa wapiganaji 150 wenye silaha za kujifyatulia zisizopungua saba. Naibu wake William Lee, mmoja wa mabingwa wa vita vya msituni katika Marine, alijeruhiwa vibaya mwanzoni kabisa. Doria ikapigana ikapenya, ikategwa tena njiani kurudi, na hati ya nishani ikasema maadui walipata hasara kubwa.

Hati hiyo ina sentensi moja inayofaa kusomwa mara mbili. Inaeleza kwamba mlinzi aliyekuwa nyuma moja kwa moja ya Puller aliuawa na risasi za kwanza. Ni Mnikaragua, na jina lake halimo. Msalaba ulisafiri kwenda Virginia. Yeye alibaki kwenye hesabu kama “mlinzi”.

Kwa mizania ya Washington, hivyo vilikuwa vita vya bei nafuu: maafisa wachache wa Marine, na wengi wa waliokufa ni wenyeji. Marine waliondoka Januari 1933. Walinzi wa Taifa wakabaki mikononi mwa mkuu wao, Anastasio Somoza, wakamuua Sandino Februari 1934 baada ya kuwa amekubali amani, na ukoo wa Somoza ukatawala hadi 1979. Miaka hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha gharama cha Marine. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa gharama yenyewe.

Msalaba wa tatu ndio unaopendeza zaidi ukiupima kwa uwiano, na kwa sababu hiyo ndio wa kuangaliwa kwa tahadhari. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Oktoba 1942, katika kisiwa cha Guadalcanal, kikosi cha kwanza cha Rejimenti ya Saba chini ya Puller kililinda mstari wa msituni wenye urefu unaozidi kilomita moja na nusu. Kikosi jirani kilikuwa kimeondolewa siku hiyohiyo kwenda kuziba pengo kwingine, kwa hiyo watu wa Puller walitandazwa kama siagi kidogo juu ya mkate mkubwa. Nyuma yao kulikuwa na uwanja wa ndege wa Henderson. Uwanja ukipotea, kisiwa kimepotea.

Wajapani walishambulia wimbi baada ya wimbi, mvua ikinyesha. Katikati ya usiku Wamarekani wa Rejimenti ya 164 ya nchi kavu, vijana wa akiba kutoka North Dakota, waliingizwa mstarini kidogokidogo gizani, kila kundi likishikwa mkono na Marine waliojua mashimo yalipo. Asubuhi, vikosi viwili vya Kimarekani vilikuwa na hasara ya watu 70 hivi, na maiti za Wajapani zilipita 1,400. Mtu mmoja kwa ishirini. Mmoja wa masajini wa bombomu wa Puller, John Basilone, alipata Nishani ya Heshima kwa usiku huo.

Uwiano kama huo huvutia macho na kuficha sababu. Waliokuwa wakilinda walikuwa na senyenge, mashimo, bombomu zilizopimiwa pembe mapema na mizinga iliyokwisha kulenga uwanda wa mbele. Wajapani walikuwa wametembea siku nyingi msituni, wakatupa mizigo mizito, wakaja bila silaha walizozihitaji. Sifa ya Puller iko katika kukataa kuyumba na katika kujua wapi pa kupenyeza kila kundi jipya. Mwenye kudhani kwamba moja kwa ishirini ni kipimo cha ushujaa wa kamanda, asubiri mwaka 1944.

Msalaba wa nne, wa Cape Gloucester katika kisiwa cha New Britain, ulihusu majuma matatu ya mvua na matope, na Puller akishika vikosi ambavyo makamanda wake walikuwa wameumia au kuondolewa. Tuupite. Kiini cha hesabu hii ni Peleliu.

Peleliu ni kisiwa cha matumbawe chenye eneo la kilomita za mraba 13 hivi. Kilitakiwa kwa ajili ya uwanja wake wa ndege, ili ubavu wa Jenerali MacArthur uwe salama atakaporudi Ufilipino. Siku mbili kabla ya kutua, Admirali Halsey alipendekeza shughuli ifutwe, na mkubwa wake, Admirali Nimitz, akaamua iendelee. Meja Jenerali William Rupertus, kamanda wa Divisheni ya Kwanza ya Marine, aliwaambia watu wake kwamba kazi itakuwa ngumu lakini fupi, ya siku tatu au nne. Ilianza tarehe 15 Septemba 1944 na kumalizika tarehe 27 Novemba. Siku 73.

Kanali Kunio Nakagawa, kamanda wa Wajapani kisiwani, hakurudia kosa la Guadalcanal. Hakutupa watu wake kwenye bombomu usiku. Aliwaweka ndani ya mapango ya chokaa, mamia ya mapango yenye milango inayotazamana, akangoja. Mizinga ya meli za Marekani ilipiga siku tatu mpaka kamanda wa meli akatangaza kwamba hana tena shabaha za kulenga. Hakuwa ameona kitu. Picha zilizopigwa na ndege zilionyesha msitu. Msitu ulipochomeka, vilima vya Umurbrogol vikajitokeza vikiwa na makali kama meno ya msumeno, na joto likafika nyuzi 46 za Selsiasi.

Puller alikuwa kanali wa Rejimenti ya Kwanza, yenye watu wapatao 3,000, iliyopewa upande wa kushoto unaoelekea vilima hivyo. Alifika na kipande cha chuma cha Guadalcanal kilichovimbisha paja lake, na kuna siku alibebwa kwa machela. Mdogo wake Samuel, luteni kanali wa Marine, alikuwa ameuawa Guam mwezi Julai. Sijui kama msiba huo ulibadilisha amri zake, na sioni anayeweza kujua. Amri zenyewe zinajulikana: songa mbele, uso kwa uso, leo, kesho, keshokutwa.

Kombania K ya Kapteni George Hunt ilichukua ncha ya ufuko na kuishikilia kwa saa 30. Ilianza na watu 235, wakabaki 78. Kombania C ya Kapteni Everett Pope ilipanda kilima na watu kama 90, ikapigana usiku mzima hadi risasi zikaisha na mawe yakaanza kurushwa. Kulipokucha waliosimama hawakufika kumi. Pope alipewa Nishani ya Heshima, na uzeeni hakuficha kwamba hakuuthamini uongozi wa Puller hapo.

Ndani ya wiki moja na ushei rejimenti ilikuwa na hasara ya watu 1,749 kwa vifo na majeraha. Zaidi ya nusu. Jenerali Roy Geiger, mkubwa wa Rupertus, alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha Puller tarehe 21 Septemba, akaona kwamba rejimenti imekwisha, akaamuru itolewe na mahali pake waje askari wa Divisheni ya 81 ya nchi kavu. Rupertus alikuwa amekataa kuwaomba. Wa kwanza kulaumiwa kwa Peleliu ni yeye. Lakini Puller, aliyeona vizuri zaidi kuliko jenerali ni kina nani wanaoanguka, hakupaza sauti ya kutosha, na kanali ana mdomo.

Jumla ya kisiwa kizima: Divisheni ya Kwanza ilipoteza 1,252 waliouawa na 5,274 waliojeruhiwa, Divisheni ya 81 waliouawa 542. Kwa upande wa Japani walikufa zaidi ya 10,000. Maofisa ugavi walikokotoa kwamba kwa kila Mjapani mmoja aliyeuawa zilitumika kwa wastani risasi na makombora 1,589. Zilirushwa guruneti zaidi ya 118,000, karibu 9,000 kwa kila kilomita ya mraba. Tukirudi kwenye bima: kama kila Marine aliyekufa pale alikuwa na bima kamili, hazina ilipaswa kuzilipa familia zao dola milioni 12 na nusu. Uwanja wa ndege wenyewe haukuamua lolote kubwa katika vita vya Ufilipino.

Kwa Peleliu Puller alipewa Legion of Merit, nishani iliyo chini ya msalaba kwa ngazi. Jeshi halikusema kwa nini. Msomaji anaruhusiwa kukisia.

Korea ndiko sifa yake iliporudi, na ndiko hesabu ni kubwa kuliko penginepo. Novemba 1950 alikuwa tena na Rejimenti ya Kwanza, makao yake yakiwa Koto-ri, kusini ya bwawa la Chosin, kwenye barabara moja nyembamba ya milimani. Askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 30,000 walizungukwa na Wachina wapatao 120,000. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Damu ya kuongezewa majeruhi iliganda chupani, na mafuta ya bunduki yakaganda pamoja nayo.

Tarehe 29 Novemba msafara wa watu takriban 900 na magari 141 ulitoka kwa Puller kwenda kuisaidia kambi ya Hagaru-ri, chini ya Luteni Kanali Drysdale wa makomando wa Uingereza. Ulikatwa vipandevipande njiani. Magari 75 yalipotea, na zaidi ya watu 300 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Lakini waliofika waliisaidia Hagaru-ri kubaki wazi, na kutoka uwanja wake uliochongwa juu ya ardhi iliyoganda ndege ziliwatoa majeruhi 4,312 kwa siku tano. Hiyo ndiyo namba niipendayo kuliko zote katika maisha ya Puller, ingawa sifa yake ni ya marubani na wahandisi zaidi kuliko yake.

Chini ya Koto-ri daraja lilikuwa limelipuliwa, na pembeni ni genge. Bila daraja magari yote yangeachwa. Tarehe 7 Desemba vipande vinane vya daraja, kila kimoja na zaidi ya tani moja ya chuma, vilidondoshwa kwa parachuti. Kimoja kilianguka kwa Wachina, kingine kikaharibika. Vilivyohitajika ni vinne. Kabla ya kuondoka, askari 117 walizikwa Koto-ri katika kaburi la pamoja, na Puller akateremka na kikosi cha nyuma. Msalaba wa tano ni wa siku hizo, tarehe 5 hadi 10 Desemba. Ule wa jeshi la nchi kavu ni wa siku sita zilizotangulia.

Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Desemba Divisheni ya Kwanza ilikuwa na hasara ya watu zaidi ya 4,400 vitani, na zaidi ya 7,300 wengine ambao wengi wao waliumizwa na baridi. Wachina, kwa hesabu zao wenyewe, walipoteza zaidi ya 19,000 vitani na karibu 29,000 kwa baridi na njaa. Baridi, basi, iliua na kulemaza zaidi kuliko bunduki kwa pande zote mbili. Kutoka bandari ya Hungnam zikasafirishwa kwa meli roho zaidi ya 100,000 za askari, raia zaidi ya 90,000, magari 17,500 na shehena ya tani 350,000. Marekani inavikumbuka vita hivyo kama ushindi wa kurudi nyuma. China inavikumbuka kama ushindi, basi.

Sasa familia, ambayo haina mizania. Babu yake, John Puller, meja wa wapanda farasi wa Virginia, aliuawa Kelly's Ford tarehe 17 Machi 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akiupigania upande uliotetea utumwa, na Lewis alikua akisikiliza hadithi za wazee waliorudi kutoka vita hivyo. Mdogo wake alikufa Guam. Mabinti wawili waliolewa na maafisa wa Marine, na wote wawili walifikia ujemadari au kukaribia: Michael Downs alistaafu brigedia jenerali, na William Dabney, kanali, alishikilia Kilima 881 Kusini wakati wa siku 77 za kuzingirwa kwa Khe Sanh, Vietnam, mwaka 1968. Msalaba wake wa Jeshi la Majini ulifika mwaka 2005, miaka 37 baadaye.

Mwana wa pekee, Lewis mdogo, alikwenda Vietnam akiwa luteni. Tarehe 11 Oktoba 1968, chini ya miezi mitatu tangu afike, alikanyaga kombora la mzinga lililotegwa. Alipoteza miguu yote miwili na sehemu kubwa ya viganja. Baba, katika miaka 37 ya vita vya mabara matatu, alikuwa na Moyo wa Zambarau mmoja, nishani ya aliyejeruhiwa. Mwana, kwa wiki chache, alipata miwili. Kijana huyo alikaa hospitalini karibu miaka miwili, akasoma sheria, akagombea ubunge 1978 akashindwa, akaandika maisha yake katika kitabu Fortunate Son kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Alijiua Mei 1994. Mzee alifariki tarehe 11 Oktoba 1971, miaka mitatu kamili baada ya mlipuko ule.

Bado wapo wanaoiomba Washington iubadilishe msalaba mmojawapo kuwa Nishani ya Heshima. Wizara ya Jeshi la Majini imetoa kitu kingine badala yake: meli yenye urefu wa mita 239, kituo kinachoelea cha helikopta na makomando, iitwayo USS Lewis B. Puller. Ilipokelewa rasmi jeshini Bahrain tarehe 17 Agosti 2017, meli ya kwanza ya kivita ya Marekani kupokelewa hivyo nje ya nchi yake. Usiku wa tarehe 11 Januari 2024, makomando kutoka meli hiyo walipanda jahazi lisilo na bendera karibu na pwani ya Somalia, katika bahari ileile ambayo majahazi ya Lamu na Zanzibar huipita yakifuata upepo. Wawili walizama wakipanda. Ndani ya jahazi zilipatikana sehemu za makombora ya Iran zilizokuwa zikipelekwa kwa Wahouthi wa Yemen, na mabaharia 14. Wanne kati yao walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho huko Richmond, Virginia.